Gari Hutengenezwa Kabla Halijaharibika: Fahamu Usimamizi wa Matengenezo ya Magari ya Umma

Na Mwandishi Wetu

Mji mdogo wa Maganzo, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, uko kando ya barabara kuu inayounganisha Shinyanga na Mwanza, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui ulioanzishwa na Dkt. John Williamson mwaka 1940. Hapa hushuka abiria wanaokwenda Mwadui na katika vijiji vya jirani. Hapa pia hupita mabasi yatokayo Dar es Salaam, Dodoma na Singida kuelekea Mwanza, magari ya kubebea wagonjwa, magari ya halmashauri na malori ya mizigo.

Basi lililoanza safari Dar es Salaam linapofika Maganzo limekwisha kukimbia takriban kilomita 1,000, na bado lina zaidi ya kilomita 100 mbele yake. Abiria anayelisimamisha huiona rangi yake, huviona viti vyake na huuliza nauli. Haoni breki zilizofanya kazi mfululizo tangu Mlima Sekenke, haoni umri wa tairi, wala haoni daftari linaloonesha ni lini oili ilibadilishwa kwa mara ya mwisho. Hata hivyo, usalama wake unategemea mambo hayo asiyoyaona.

Makala haya yanaeleza namna matengenezo ya magari ya umma yanavyosimamiwa nchini, taasisi zinazohusika, hatua zinazofuatwa na nafasi ya mwananchi katika kuhakikisha kuwa gari analopanda, au lililonunuliwa kwa kodi yake, linafanya kazi kwa usalama na kwa muda uliokusudiwa. Kwa madhumuni ya makala haya, magari ya umma ni ya aina mbili: magari yanayomilikiwa na Serikali na taasisi zake, na magari ya abiria yanayotoa huduma kwa umma kwa leseni, hata kama mmiliki wake ni mtu binafsi.

Funzo la historia

Tanzania ina uzoefu wa muda mrefu katika uendeshaji wa mabasi ya umma. Mwaka 1970 Serikali ilitaifisha kampuni ya Dar es Salaam Motor Transport, iliyojulikana kwa kifupi kama DMT. Mwaka 1974 kampuni hiyo iligawanywa katika mashirika mawili: Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA), lililohudumia jiji, na KAMATA, iliyohudumia safari za mikoani. Mikoa nayo ilikuwa na kampuni zake za usafirishaji zilizofahamika kwa jina la RETCO.

Mashirika hayo yalianza na mabasi, madereva, mafundi na karakana. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi ilikumbwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, kufuatia kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta duniani. Vipuri vilivyopaswa kuagizwa nje vikawa adimu. Basi moja lilipoharibika, mafundi walilazimika kuchukua kifaa kutoka basi jingine lililosimama ili la kwanza litembee. Kwa njia hiyo basi lililokuwa likisubiri kifaa kimoja liligeuka kuwa ghala la vipuri, na halikurudi tena barabarani.

Idadi ya mabasi yaliyokuwa tayari kwa kazi ilipungua huku idadi ya wakazi wa jiji ikiongezeka. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu watu binafsi kutoa huduma ya usafiri wa abiria Dar es Salaam, na magari hayo yakapata jina la daladala, linalohusishwa na nauli ya shilingi tano ya wakati huo, sarafu iliyoitwa "dala" mitaani.

Funzo linalopatikana katika historia hiyo ni kwamba shirika la usafiri halifi siku mabasi yake yanapozeeka. Huanza kudhoofika siku matengenezo yanapoahirishwa kwa mara ya kwanza na hakuna anayeweka kumbukumbu ya uamuzi huo.

Nani anawajibika

Kwa magari ya Serikali, chombo kikuu ni Wakala wa Ufundi na Umeme Tanzania (TEMESA), ulioanzishwa mwaka 2005 kwa mujibu wa Sheria ya Wakala za Serikali, Sura ya 245. Pamoja na majukumu mengine, ukiwamo uendeshaji wa vivuko, wakala huo hutengeneza magari, pikipiki na mitambo ya Serikali kupitia karakana zake zilizopo mikoani, ukiwamo Mkoa wa Shinyanga.

Taratibu za ununuzi wa umma zimeweka msingi muhimu: gari la Serikali hutengenezwa na TEMESA au katika karakana binafsi iliyoidhinishwa na wakala huo, na hukaguliwa kabla na baada ya matengenezo. Ukaguzi wa kwanza hueleza kasoro iliyopo na kifaa kinachohitajika. Ukaguzi wa pili huthibitisha kuwa kifaa kilichoandikwa katika ankara ndicho kilichofungwa, na kwamba kasoro imeondoka. Bila ukaguzi huo, taasisi inaweza kulipia kifaa kipya na kufungiwa cha zamani, au kulipia kazi ambayo haikufanyika. Si jambo la kubuni: ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimewahi kutaja taasisi na halmashauri zilizotengeneza magari bila kufuata utaratibu huo.

Mwananchi anaweza kulitambua gari la umma kwa namba zake za usajili. Namba zinazoanza na herufi ST ni za magari ya Serikali Kuu, SM ni za Serikali za Mitaa, na SU ni za mashirika ya umma.

Kwa magari ya abiria, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu, ndiyo inayotoa leseni na kusimamia masharti yake. Jeshi la Polisi, kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani, hukagua ubora wa magari, yakiwamo mabasi yanayojiandaa kuondoka vituoni. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) husimamia viwango vya bidhaa zinazoingia sokoni, zikiwamo tairi na vipuri. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) huandaa mafundi, madereva na wasimamizi.

Pamoja na kuwapo kwa vyombo hivyo vyote, mwenye wajibu wa kwanza ni mmiliki wa gari. Mkaguzi hulitazama gari kwa dakika chache katika siku moja. Mmiliki hukaa nalo mwaka mzima. Cheti cha ukaguzi huthibitisha hali ya gari siku lilipokaguliwa. Hakimwondolei mmiliki wajibu wa siku inayofuata.

Ngazi tatu za matengenezo

Matengenezo ya magari hugawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni matengenezo kinga, yanayofanyika kwa ratiba kabla ya hitilafu kutokea. Kundi la pili ni matengenezo ya dharura, yanayofanyika baada ya gari kuharibika. Usimamizi mzuri hukuza kundi la kwanza ili la pili lipungue. Matengenezo kinga yana ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni ukaguzi wa kila siku, unaofanywa na dereva kabla ya kuwasha gari na kabla ya kuondoka. Dereva huzunguka gari na kuangalia tairi na nati zake, taa zote, vioo, waipa, na dalili za kuvuja kwa oili, maji au mafuta chini ya gari. Hupima kiwango cha oili na maji ya rejeta, na hutazama mkanda wa feni. Katika basi lenye breki za hewa, huhakikisha kuwa mtungi wa hewa umejaa, kwamba geji haishuki gari likiwa limesimama, na kwamba maji yaliyojikusanya ndani ya mitungi yameondolewa. Ukaguzi huu huchukua muda mfupi, hauhitaji karakana, na ndio unaogundua kasoro nyingi zikiwa bado ndogo.

Ngazi ya pili ni sevisi ya kawaida, inayofanywa kwa kufuata kilomita zilizotembewa au muda uliopita, kwa kuzingatia mwongozo wa mtengenezaji. Hapa hubadilishwa oili na chujio zake, hukaguliwa chujio la hewa, hupakwa grisi sehemu zinazosuguana, hupimwa unene wa sehemu za breki zinazolika, na hukaguliwa usukani, springi na bushi.

Ngazi ya tatu ni matengenezo makubwa, yanayohusu injini, gia, difrensha na mfumo mzima wa breki. Haya hupangwa mapema kwa sababu hulisimamisha gari kwa siku kadhaa na huhitaji bajeti kubwa.

Kosa linalofanyika mara kwa mara ni kutumia kalenda moja kwa magari yote. Tuchukue mfano. Umbali kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Basi linalosafiri upande mmoja kila siku, kwenda leo na kurudi kesho, hupita kilomita 10,000 ndani ya siku 10 tu. Gari la ofisi linalotembea kilomita 2,000 kwa mwezi litahitaji miezi mitano kufikia umbali huohuo. Iwapo mwongozo wa magari yote mawili unataka sevisi kila kilomita 10,000, basi hilo litahitaji kuingia karakana takriban mara tatu kwa mwezi, na gari la ofisi mara mbili au tatu kwa mwaka. Msimamizi anayesubiri mwisho wa mwezi ili apeleke basi sevisi atakuwa amechelewa mara mbili kabla hajaanza.

Kinyume chake, gari linalotembea kidogo nalo halipaswi kusahauliwa. Gari la wagonjwa katika kituo cha afya cha kijijini linaweza kukaa siku kadhaa bila kutembea, lakini betri hupungua nguvu, tairi huzeeka na oili hupoteza ubora. Kwa gari la aina hiyo muda ndio kipimo, na utayari wake hupimwa kwa kuwashwa na kukaguliwa kila siku. Mama mjamzito anayehitaji kufikishwa hospitali usiku hawezi kusubiri betri ichajiwe.

Mazingira ya Shinyanga na athari zake

Ratiba ya mtengenezaji hutayarishwa kwa hali ya wastani. Msimamizi wa magari mkoani Shinyanga anapaswa kuirekebisha kulingana na mazingira yake, na miongozo mingi ya watengenezaji yenyewe huelekeza kufupisha vipindi vya sevisi katika mazingira magumu.

Katika kiangazi, barabara za vumbi zinazoingia vijijini na maeneo ya migodi huchafua chujio la hewa kwa haraka. Injini isiyopata hewa ya kutosha hutumia mafuta mengi zaidi na hutoa moshi mweusi. Na chujio likichanika, vumbi huingia ndani na kusaga sehemu za injini. Dereva anayepiga chujio ukutani ili kulisafisha anaweza kulitoboa bila kujua. Ni heri kulikagua mara kwa mara na kulibadilisha kwa wakati.

Katika masika, udongo mweusi wa mbuga unaopatikana katika maeneo mengi ya Kishapu huvimba, hunata na hushika tairi. Gari linalonasuka kwa nguvu huumiza klachi na gia. Tope likikauka kuzunguka breki huzuia joto kutoka na huficha uvujaji. Kuosha sehemu ya chini ya gari baada ya safari za mvua ni sehemu ya matengenezo, si urembo.

Barabara kuu ya lami nayo ina changamoto zake. Magari yatokayo Dar es Salaam hushuka Mlima Sekenke kabla ya kuingia Igunga, kisha huendelea Nzega, Tinde na Shinyanga. Mteremko mrefu huzipa breki joto kali. Breki ikipata joto kupita kiasi hupungua nguvu hata kama dereva ataikanyaga hadi mwisho. Ndiyo sababu dereva hutakiwa kushuka kwa gia ndogo na kutumia breki ya injini, na fundi hutakiwa kuhakikisha kuwa breki za magurudumu yote zinashika kwa usawa. Gurudumu moja lisiposhika, mengine hubeba kazi yake na kupata joto zaidi.

Baada ya mlima hufuata barabara iliyonyooka na jua kali. Hapa hatari huwa katika tairi. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi linapozunguka, hupata joto na linaweza kupasuka. Mwendo na uzito uliozidi huongeza joto hilo. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, imeweka ukomo wa kilomita 80 kwa saa kwa magari ya abiria, na ukomo huo hulinda tairi na breki kama unavyomlinda abiria.

Mabadiliko mengine yalikuja mwaka 2023, Serikali iliporuhusu tena mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku. Uamuzi huo umerahisisha safari na biashara. Kwa upande wa karakana, umeondoa mapumziko ambayo hapo awali basi liliyapata usiku hata bila mmiliki kuyapanga. Sasa muda wa matengenezo lazima utengwe kwa makusudi katika ratiba, na taa, waipa na mfumo wa umeme vipewe uzito uleule wa breki.

Kumbukumbu na vipimo

Karakana isiyo na kumbukumbu hufanya kazi kwa kubahatisha. Kila gari linapaswa kuwa na jalada lenye historia yake: kilomita, tarehe ya kila sevisi, vifaa vilivyofungwa, gharama, jina la fundi na kasoro zilizoripotiwa na dereva. Daftari la safari linalojazwa kwa ukweli humwezesha afisa usafirishaji kujua ni gari gani linakaribia sevisi kabla dereva hajalalamika.

Kipimo cha kwanza cha usimamizi ni utayari, yaani asilimia ya magari yanayoweza kufanya kazi kila asubuhi. Kwa mfano, taasisi yenye magari 20, ambayo 14 ndiyo mazima, ina utayari wa asilimia 70. Taasisi hiyo ikiomba fedha za kununua magari mawili mapya, swali la kwanza la kuuliza ni kwa nini sita yamesimama. Huenda manne kati yake yanasubiri vifaa ambavyo gharama yake ni ndogo kuliko bei ya gari moja.

Kipimo cha pili ni umbali unaotembewa kati ya hitilafu moja na nyingine. Mfano unaojulikana duniani ni wa treni za chini ya ardhi za New York, Marekani. Mwaka 1981 treni hizo zilikuwa zikitembea wastani wa chini ya maili 7,000, yaani takriban kilomita 11,000, kabla ya kupata hitilafu ya kuchelewesha safari. Baada ya ukarabati mkubwa, ununuzi wa mabehewa mapya na kuanzishwa kwa matengenezo ya ratiba, wastani huo ulivuka maili 100,000, takriban kilomita 160,000, katika miaka ya 2000. Mabehewa mapya yalichangia, lakini bila ratiba ya matengenezo nayo yangefuata njia ya yale ya zamani.

Kipimo cha tatu ni uwiano kati ya kazi zilizopangwa na za dharura. Karakana ambayo kila siku inapokea magari yaliyovutwa inaweza kuonekana ina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba wingi wa kazi za dharura ni ishara ya upungufu katika kupanga.

Fedha, vipuri na madeni

Matengenezo hushindana na matumizi mengine ya taasisi, na mara nyingi hushindwa kwa sababu hasara yake haionekani siku hiyohiyo. Kuahirisha kubadilisha oili hakusimamishi gari kesho. Lakini oili iliyochoka huacha kulinda injini, na injini ikifa gharama yake huwa mara nyingi zaidi ya ile iliyookolewa.

Kwa sababu hiyo, fungu la matengenezo linapaswa kukokotolewa kutokana na idadi ya magari na kilomita zinazotarajiwa, badala ya kunakili bajeti ya mwaka uliopita. Aidha, taasisi zinapaswa kulipa huduma zinazopewa. TEMESA imekuwa ikizikumbusha taasisi za Serikali mara kwa mara kulipa madeni yake, kwa kuwa karakana isiyolipwa haiwezi kuweka akiba ya vipuri. Na karakana isiyo na vipuri hulichelewesha gari la mteja anayelipa pamoja na la asiyelipa.

Uchaguzi wa magari nao ni uamuzi wa matengenezo. Taasisi yenye magari 10 ya aina nane huhitaji vipuri vya aina nane, na mafundi wake hawapati uzoefu wa kutosha kwa hata moja. Kupunguza aina za magari, na kuuliza upatikanaji wa vipuri kabla ya kununua, huokoa fedha kwa miaka mingi baadaye. Vipuri visivyo na ubora ni hatari nyingine: huuzwa kwa bei ndogo, huharibika mapema, na katika breki au usukani vinaweza kugharimu maisha. Kifaa kilichotolewa kinapaswa kurejeshwa kwa mwenye gari ili akione na kuthibitisha kuwa kweli kimebadilishwa.

Karakana iwe mahali salama

Uzoefu wa mradi wa Mabasi Yaendayo Haraka jijini Dar es Salaam unaongeza funzo jingine. Huduma hiyo, inayosimamiwa na Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (DART), ilianza mwezi Mei mwaka 2016 ikiwa na mabasi 140, na kuzinduliwa rasmi tarehe 25 Januari 2017. Karakana yake kuu ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi. Mvua kubwa zilizonyesha katika miaka iliyofuata zilileta mafuriko katika eneo hilo, mabasi yakaharibika na huduma ikasimama kwa vipindi. Mabasi hayo hayakuharibikia barabarani yakiwa kazini. Yaliharibikia mahali yalipolazwa.

Kwa halmashauri au mmiliki anayepanga kujenga karakana, hata iwe ndogo, maswali ya mwanzo yanapaswa kuwa haya: maji ya mvua yanakwenda wapi, sakafu inabeba uzito wa basi, kuna shimo au jeki imara ya kumwezesha fundi kukagua chini ya gari, taka za oili zinahifadhiwa wapi, na kuna mwanga wa kutosha kwa kazi za usiku. Oili chafu isimwagwe ardhini wala mtaroni, kwani huharibu udongo na maji ambayo wananchi wanayategemea.

Nafasi ya mwananchi

Abiria hahitaji kuwa fundi ili atambue dalili za hatari. Kabla ya kupanda, anaweza kutazama tairi: je, mistari yake bado ina kina, au limekuwa kipara? Nchi nyingi hutumia kina cha milimita 1.6 kuwa ukomo wa chini. Ubavuni mwa tairi huwa na tarakimu nne zinazoonesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2522, kwa mfano, ni wiki ya 25 ya mwaka 2022. Tairi lenye mistari mizuri linaweza kuwa limezeeka.

Ndani ya basi, abiria anaweza kuangalia kama mikanda ya viti inafanya kazi, kama milango ya dharura inafunguka, na kama kuna kizima moto. Njiani, harufu ya kuungua baada ya mteremko, sauti ya chuma kusuguana wakati wa kufunga breki, usukani unaotikisika au basi linalovuta upande mmoja ni dalili za kumweleza dereva au kondakta mara moja, kwa utulivu na adabu. Dereva anayesimama ili akague hastahili kuzomewa kwa kuchelewesha safari.

Kasoro isiposhughulikiwa, mwananchi atoe taarifa kwa askari wa usalama barabarani au LATRA kupitia namba zake za simu zisizo na malipo. Taarifa yenye msaada hutaja namba ya usajili wa gari, mahali, saa na kilichoonekana. Kwa gari la Serikali lililotelekezwa au kutumika vibaya, taarifa ipelekwe kwa mkuu wa taasisi husika au kwa mkurugenzi wa halmashauri. Na katika vikao vya kijiji, mtaa na kata, wananchi wana haki ya kumuuliza diwani wao ni magari mangapi ya halmashauri yanafanya kazi na mengine yamesimama kwa sababu gani.

Stika inayobandikwa kiooni wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama ina thamani yake. Thamani hiyo hudumu iwapo dereva atalizunguka gari kesho asubuhi, fundi ataandika alichokifanya, na msimamizi atalisimamisha gari siku ya sevisi hata kama abiria ni wengi. Kwa abiria anayesubiri basi Maganzo, matengenezo yaliyofanywa kwa wakati hayaonekani kabisa. Atapanda, atasafiri na atashuka Mwanza salama, bila kujua ni nini kiliepushwa njiani.